Kutengeneza mchezo wa video: miezi tisa au miaka minne? Kwanza uliza nani analipa siku hizo

Kila anayesafiri kutoka Lubumbashi kuelekea Zambia anaijua Kasumbalesa: foleni ya malori, watu wenye mizigo kichwani, na kidirisha ambako mtu mmoja mwenye muhuri ndiye anayeamua kama utavuka au utarudi. Unatoa karatasi. Anaiangalia, anakuangalia wewe, kisha anaiangalia tena.

Mwaka wa 2013, Lucas Pope, Mmarekani aliyekuwa akiishi Japani, alitoa mchezo wa video unaomweka mchezaji upande wa pili wa kidirisha cha aina hiyo. Unaitwa «Papers, Please». Humo, mwenye muhuri ni wewe. Nchi ni ya kubuni, jina lake Arstotzka, lakini kazi yenyewe msafiri yeyote wa Kasumbalesa ataielewa. Unakagua pasipoti, unatafuta jina lisilolingana au tarehe iliyopita, na jioni unahesabu kama mshahara wa siku unatosha chakula, dawa na joto la nyumba. Ukizidisha huruma kwa wasio na karatasi, mshahara unakatwa na nyumbani kwako watu wanalala njaa.

Pope aliutengeneza peke yake kwa karibu miezi tisa. Alianza Novemba 2012, akautoa tarehe 8 Agosti 2013. Miaka kumi baadaye alitangaza kwamba nakala milioni 5 zimeuzwa.

Kisha akaanza mchezo mwingine, «Return of the Obra Dinn». Ndani yake, mkaguzi wa bima anapanda merikebu iliyorudi bandarini bila mabaharia wake, naye anapaswa kugundua yaliyowapata watu 60 waliokuwa ndani. Onyesho la kwanza la mchezo huo lilitoka 2014. Mchezo kamili ulitoka tarehe 18 Oktoba 2018.

Ni mtu yule yule, na mara zote mbili alifanya kazi peke yake. Michezo yote miwili ilishinda tuzo kuu ya tamasha la Independent Games Festival, wa kwanza mwaka wa 2014 na wa pili mwaka wa 2019. Lakini mmoja ulichukua miezi tisa, mwingine zaidi ya miaka minne.

Basi kijana wa hapa kwetu anayetaka kuingia katika kazi hii afuate upi?

Swali ambalo limeshafika kwetu

Zamani swali hili lisingetuhusu. Kutengeneza mchezo wa video kulihitaji kampuni kubwa, mashine za bei kali na wafanyakazi wengi. Leo hali imebadilika. Programu ya Godot, ambayo watu wengi duniani hutumia kutengeneza michezo, haina malipo hata kidogo. Kuweka mchezo kwenye duka la Google Play, mtengenezaji hulipa dola 25 mara moja tu. Kwenye Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta, ni dola 100 kwa kila mchezo, na dola hizo hurudishwa mchezo ukishaingiza dola 1,000.

Kwa hiyo mlango wa kuingilia si ghali tena. Kilichobaki ghali ni muda. Na muda ndiyo mali ambayo kijana wa Lubumbashi, Bukavu au Goma hutumia bila kuandika popote, kwa sababu hakuna mtu anayemletea fatura yake mwisho wa mwezi.

Hasara yake huonekana baadaye. Kijana aliyemaliza masomo anajifungia chumbani na kompyuta mwaka wa kwanza, kisha wa pili. Wazazi waliouza shamba au waliozunguka na deni ili asome wanaanza kuuliza kazi iko wapi. Wenzake wa darasa wameshapata mishahara, wengine wameoa. Yeye anasema mchezo unakaribia kwisha. Mwaka wa tatu anaacha, na hakuna kitu cha kuonyesha: hakuna mchezo uliotoka, hakuna feza, na mara nyingi hata moyo wa kujaribu tena hakuna.

Anayetengeneza mchezo bila kampuni kubwa ya kumlipa huitwa mtengenezaji huru. Uhuru huo una raha yake: hakuna mkubwa wa kukuamuru. Lakini hakuna pia mkubwa wa kukuambia kwamba siku zimekwisha.

Miaka minne na nusu ya shamba moja

Mfano ambao watengenezaji huru hupenda kuutaja ni wa Eric Barone, kijana wa Marekani. Alimaliza masomo ya kompyuta mwaka wa 2011 katika Chuo Kikuu cha Washington, tawi la Tacoma. Hakupata kazi. Akaamua kutengeneza mchezo mdogo wa kulima shamba ili kunoa ujuzi wake wa kuandika programu. Mchezo huo ni «Stardew Valley».

Mchezo mdogo ukakua. Barone aliandika programu, akachora picha zote, akatunga muziki na kuandika maneno ya wahusika, yote peke yake. Ujuzi wake wa kuchora ulipoongezeka, picha za zamani zilimchukiza, akazichora upya. Ilimchukua takriban miaka minne na nusu, mara nyingi akifanya kazi saa kumi kwa siku. Mchezo ulitoka tarehe 26 Februari 2016. Kufikia Desemba 2024, nakala zaidi ya milioni 41 zilikuwa zimeuzwa.

Vijana wengi wanaisikia habari hiyo na kushika nusu yake: vumilia miaka mingi, utajiri utakuja. Nusu ya pili husahauliwa. Katika miaka hiyo Barone hakuwa na mshahara wa mchezo wake, lakini alikuwa akiishi na mchumba wake, naye ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya gharama za nyumba. Yeye mwenyewe alifanya kazi ya saa chache kama mpokea wageni katika ukumbi wa maonyesho mjini Seattle.

Yaani miaka minne na nusu hiyo ililipwa. Haikulipwa na kampuni wala na benki, ililipwa na mtu wa nyumbani. Bila mtu huyo, huenda tungekuwa na kijana mwingine aliyeacha mwaka wa pili, na jina lake tusingelijua.

Ni haki kusema pia kwamba kwa kila Barone mmoja kuna maelfu waliofanya kazi miaka kama hiyo na mchezo wao ukapita bila kuonekana. Mwaka wa 2024 peke yake, michezo zaidi ya 18,000 iliwekwa kwenye Steam. Ni zaidi ya 49 kwa siku. Mchezo wako ukitoka siku ya posho, kabla ya yenga kuisha mingine karibu mia imeingia sokoni pamoja nao.

Aliyeanza na kidogo alipata cha kungojea

Kule Australia, katika mji wa Adelaide, kuna kikundi kidogo kinachoitwa Team Cherry. Mwaka wa 2013, Ari Gibson na William Pellen walishiriki Ludum Dare, shindano la mtandaoni ambapo watu hutengeneza mchezo mzima katika siku mbili au tatu. Walitoa kitu kidogo kilichoitwa «Hungry Knight», chenye askari mdogo mwenye kichwa cheupe.

Mchezo huo haukuwafanya matajiri. Lakini askari yule alibaki. Mwishoni mwa 2014 waliomba michango ya watu kwa intaneti ili kutengeneza mchezo mkubwa zaidi, wakapata dola za Australia 57,138. Utaratibu huo unafanana kidogo na likelemba, ila hapa feza haizunguki: wachangiaji wanatoa leo, wanangoja mchezo kesho. «Hollow Knight» ulitoka Februari 2017, ukauza nakala milioni nyingi.

Mwaka wa 2019 walitangaza mchezo uliofuata, «Silksong». Mwanzoni ulikuwa nyongeza tu ya ule wa kwanza. Wapenzi wao walingoja mwaka, miwili, mitatu, hadi kungoja kwenyewe kukawa mzaha mtandaoni. Mchezo ulitoka tarehe 4 Septemba 2025, zaidi ya miaka sita baada ya tangazo. Walipoulizwa, wenyewe walieleza kwamba hawakukwama, bali waliendelea kuongeza vitu kwa sababu kazi iliwafurahisha.

Je, walikosea? Hapana. Nakala milioni 15 za «Hollow Knight» zilikuwa zimewalipia kila siku ya miaka hiyo. Mtu ambaye kabati lake limejaa unga anaweza kupika polepole.

Ukipanga hatua zao kwa mstari, utaona ngazi: siku chache kwanza, kisha miaka miwili na kidogo yenye michango ya watu, kisha miaka sita yenye feza yao wenyewe. Hakuna aliyerukia kwenye ngazi ya juu. Na Lucas Pope ni vilevile. Miaka minne ya merikebu ililipwa na miezi tisa ya mpakani. Tena kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi katika studio kubwa ya Marekani, na alikuwa ameshatoa michezo mingine midogo. Hata miezi ile tisa haikuwa ya mtu anayejifunza kuandika mstari wa kwanza.

Yaoundé, jirani wa karibu

Mifano hiyo ni ya mbali. Wa karibu yetu uko Kamerun. Mjini Yaoundé, studio ya Kiro'o Games, ambayo mara nyingi hutajwa kuwa ya kwanza ya aina yake katika Afrika ya Kati, ilianzishwa mwaka wa 2013 na Guillaume Olivier Madiba. Mchezo wake wa kwanza, «Aurion: Legacy of the Kori-Odan», unamhusu mwana wa mfalme, Enzo Kori-Odan, na mke wake Erine Evou. Wananyang'anywa kiti cha ufalme wa Zama, kisha wanazunguka dunia kutafuta nguvu za mababu ili wakirudishe.

Madiba alikuwa na wazo hilo tangu mwaka wa 2003. Mchezo ulitoka tarehe 14 Aprili 2016. Miaka kumi na mitatu ilipita kati ya wazo na kuuza, ingawa studio yenyewe ilifanya kazi kwa chini ya miaka mitatu.

Miaka kumi ya mwanzo ilikosa nini? Zaidi ya yote, ilikosa mtaji. Mabenki hayakuwa na mazoea ya kukopesha watu wanaotengeneza ngumi na mazimwi ya kwenye kioo. Kiro'o ilipata njia nyingine: kuuza hisa ndogondogo za kampuni kwa watu wa kawaida, Waafrika wa nyumbani na wa ughaibuni. Mwaka wa 2015 iliomba pia michango ya wapenzi wa michezo kwa intaneti, ikitafuta euro 40,000, na ikapita kiasi hicho. Umeme nao ulikatika mara kwa mara, jambo ambalo msomaji wetu hahitaji kuelezewa.

Baada ya «Aurion», studio hiyo haikukimbilia mchezo mwingine mkubwa wa kompyuta. Iligeukia simu, ikatoa «Le Responsable Mboa», mchezo unaocheka maisha ya mtumishi wa serikali na vishawishi vya rushwa. Ni mchezo mdogo zaidi, na unachezwa kwenye chombo ambacho wateja wa Afrika tayari wanacho mfukoni. Baada ya kupanda mlima mrefu, waliona faida ya kutembea kwenye vilima vifupi.

Tufanye hesabu ya Lubumbashi

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana anaishi Lubumbashi kwa dola 200 kwa mwezi: chumba, chakula, mega za intaneti, mafuta ya jenereta umeme unapokosekana. Kama anaishi kwa wazazi, kiasi hicho bado kipo, ila anakilipa baba au mama.

Akitengeneza mchezo kwa miezi tisa, ametumia dola 1,800. Akitumia miaka minne, ni dola 9,600.

Sasa auze. Tuseme bei ni dola 5. Maduka kama Steam hukata kwa kawaida asilimia 30, kwa hiyo kwake zinabaki dola 3 na senti 50, kabla ya kodi na gharama za kuhamisha feza. Ili arudishe dola 1,800, anahitaji wanunuzi wapatao 515. Ili arudishe dola 9,600, anahitaji wanunuzi zaidi ya 2,740. Hapo bado hajapata faida hata ya franka moja.

Wanunuzi 515 kwa mtu asiyejulikana ni kazi ngumu lakini inawezekana. Wanunuzi 2,740 kwa mchezo wa kwanza wa mtu asiyejulikana ni dau. Na tofauti kubwa iko mahali pengine: aliyepoteza miezi tisa anaweza kujaribu tena akiwa na umri uleule na wazazi walewale wanaomvumilia. Ndani ya miaka minne anaweza kujaribu mara tano. Mwenye mchezo mmoja wa miaka minne amejaribu mara moja tu, na kujifunza kwake namna ya kumaliza na kuuza kunaanza siku ya mwisho.

Kwa nini tarehe hukimbia

Hakuna anayeanza akisema atatumia miaka minne. Barone hakusema hivyo. Pope naye aliifikiria merikebu yake kuwa kazi ndogo ya kupumzikia.

Wataalamu wa tabia za binadamu Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza kosa hili mwaka wa 1979: mtu akipanga kazi, huhesabu mambo yakienda vizuri tu, hata kama kazi zake zote za nyuma zilichelewa. Fundi wa nguo mtaani kwenu anaweza kukuonyesha mfano kila kabla ya sikukuu. Upande mwingine, Mwingereza Cyril Northcote Parkinson aliandika mwaka wa 1955 kwamba kazi hupanuka mpaka ijaze muda uliopewa. Ukimpa mtu mwaka kwa kazi ya mwezi, atapata namna ya kuitumia miezi yote kumi na miwili.

Katika michezo ya video makosa haya mawili hukutana. Sehemu ya kufurahisha, yaani mhusika anayeruka, anayepiga, anayekimbia, hukamilika katika wiki chache. Mtengenezaji anaona amefika nusu ya safari. Kumbe bado orodha ya kuchagulia mchezo, sauti, kuhifadhi pale mchezaji alipoishia, lugha, kasoro zinazotokea kwenye simu ya aina moja na si nyingine, picha za dukani, na filamu fupi ya kuutangaza. Hizo ni kazi zisizo na raha, na hapo ndipo michezo mingi hufia.

Hapo pia ndipo linapozaliwa wazo jipya. Mtu aliyechoka kurekebisha kasoro anajiambia kwamba mchezo unahitaji silaha nyingine, mji mwingine, hadithi nyingine. Anaongeza. Kila kinachoongezwa kinaleta kasoro zake. Wahenga walishasema: mtaka yote hukosa yote.

Haraka nayo ina mitego

Msomaji asielewe kwamba tunasifu kulipua kazi. Kuna mfano unaowadanganya wengi. Dong Nguyen, kijana wa Hanoi, Vietnam, alitengeneza «Flappy Bird» katika siku chache, akautoa Mei 2013. Mwanzoni mwa 2014 ulikuwa ukitajwa kumwingizia dola 50,000 kwa siku kwa matangazo. Mwenyewe aliuondoa sokoni Februari mwaka huohuo, akisema umeharibu maisha yake ya utulivu.

Wengi waliuiga na hawakupata kitu. Siku chache zilimtosha Nguyen kwa sababu wazo lenyewe lilikuwa la kidole kimoja, na bahati ikafanya mengine. Bahati haiwezi kuandikwa kwenye mpango wa kazi.

Tena, siku ya kutoa mchezo si mwisho wa muda. «Among Us», mchezo wa kumtafuta mwongo ndani ya chombo cha angani, ulitoka mwaka wa 2018 na haukuzungumziwa sana. Ulilipuka duniani mwaka wa 2020, watu walipokuwa wamefungiwa majumbani. Kikundi kidogo kilichoutengeneza kilikuwa bado kinautunza. Anayetumia feza yake yote mpaka siku ya kutoa hana hata ya mega za kujibu wateja na kurekebisha kasoro wiki inayofuata.

Basi, muda gani?

Kutokana na mifano hii, jibu la tarakimu moja halipo, lakini utaratibu upo.

Mchezo wa kwanza kabisa uwe wa siku au wiki. Kila Januari tangu mwaka wa 2009, shindano la Global Game Jam huwakutanisha watu wa nchi nyingi kutengeneza mchezo kwa siku chache. Faida yake kubwa ni moja: mtu anajifunza kumaliza.

Mchezo wa kwanza wa kuuza uwe wa miezi mitatu hadi tisa. Hapa kanuni ni kugeuza swali. Usiulize mchezo huu utachukua muda gani. Hesabu kwanza una chakula na umeme wa miezi mingapi, toa robo kwa ajili ya kuchelewa na kwa ajili ya wiki za baada ya kutoa, kisha uliza ni mchezo gani unaotosha ndani ya miezi iliyobaki. Mwenye akiba ya miezi minane anatengeneza mchezo wa miezi sita. Kama hautoshi, unakatwa mchezo, hauongezwi muda.

Mwenye kazi ya mchana na saa mbili tu za usiku ahesabu saa hizo, asihesabu miezi. Saa mbili kwa siku tano ni saa kumi kwa wiki, yaani siku moja ya Barone. Miezi tisa ya mwenzake kwake inaweza kuwa miaka mitano. Yeye ndiye anayehitaji mchezo mdogo kuliko wote, ingawa mara nyingi ndiye mwenye ndoto kubwa kuliko wote. Lakini ana kitu ambacho wa kwanza hana: mshahara. Muda wake ni mrefu, ila umelipwa.

Mwezi wa pili usipite kabla watu wengine hawajaushika mchezo mikononi. Si rafiki atakayesifu, bali watoto wa vyumba vya PlayStation vya mtaani, ambao wakichoka huweka chini simu yako bila kukuomba radhi. Kama hakuna anayeomba kurudia, afadhali ujue mwezi wa pili kuliko mwaka wa tatu.

Na miaka mingi? Ina haki yake pia. «Stardew Valley» ya miezi tisa isingekuwa na mji ule ambao watu wameupenda, na «Aurion» isingekuwa na ufalme wake. Baadhi ya kazi haziwezi kufupishwa bila kuuawa. Lakini anayechukua miaka hiyo awe na jibu la wazi kwa swali moja: nani analipa? Kama ni mchezo uliotangulia, vizuri. Kama ni wachangiaji au wenye hisa, vizuri, na waambiwe ukweli wa tarehe. Kama ni mama anayeuza sokoni au mke anayebeba nyumba peke yake, basi mtu huyo naye ni mwenye hisa. Anastahili kukaa mezani siku ya kupanga, kuambiwa ni miezi mingapi anaombwa kuvumilia, na kujua siku ambayo kijana atafunga faili ile na kutafuta kazi kama mambo hayakwenda.

Mazungumzo hayo ni magumu kuliko kuandika programu, na wengi huyakwepa. Lakini bila hayo, anayelipa hana njia ya kujua anangoja nini, na mwenye mchezo hana njia ya kujua amekwisha kuchelewa.